Kichwa cha Bi Mwanamkasi

Kristofa, mpiga picha wa hospitali, alipofungua mlango wa chumba cha mashine alimkuta Bi Mwanamkasi amelala ubavu.

Alikuwa amejigeuza mwenyewe, bega la kulia chini, magoti yamekunjwa kidogo. Kichwa amekilazimisha kugeuka ndani ya ile kofia ya plastiki ya mashine mpaka shavu limejikunja kama kitambaa. Macho ameyafumba na midomo inacheza pasipo sauti.

"Bibi! Si nilikwambia usitikisike?"

Bi Mwanamkasi alifumbua macho, akamtazama kama mtu aliyeamshwa safarini. "Tumemaliza?"

Kristofa alimpita. Alikwenda kwenye kompyuta, akatazama picha moja, akatazama ya pili, akashika kiuno. Fuvu lilionekana mara tatu, moja nyuma ya jingine, kama mtu aliyepigwa picha huku akikimbia. Dakika thelathini na tano zimekwenda, na nje kwenye benchi kuna watu kumi na mmoja.

Sabra alikuwa miongoni mwao, amepakata vitu vya mama yake: bangili mbili za fedha, pini za ushungi, na meno mawili ya bandia aliyoyafunga kwenye karatasi. Aliposikia jina lake alisimama akidhani ni furaha.

"Dada, mama yako amegeuka," Kristofa alisema akiwa mlangoni, na sauti yake ilifika mpaka mwisho wa benchi. "Picha yote imeharibika. Tumekaa humo nusu saa na zaidi, bure."

"Wazee hawa wangechomwa sindano ya usingizi tu," mwanamume mmoja alisema.

"Daktari kakataa," Kristofa alijibu. "Presha yake haitaki."

Nyuma yake Bi Mwanamkasi alikuwa ameshuka kitandani. Gauni la hospitali lilikuwa wazi mgongoni, na kamba moja kati ya mbili ilikuwa imekatika zamani. Alijaribu kulishika kwa mkono wa kulia, lakini vidole havikukunjika. Akalishika kwa wa kushoto, akasimama hivyo, mgongo ukutani, anangoja mwanawe amletee kanga. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka thelathini amewaosha maiti wa kike wa Ngamiani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala mbele yake bila kufunikwa.

Sabra alimfunika. Kisha akamwuliza Kristofa kwa sauti ya chini, "Sasa itakuwaje?"

Kristofa alijikuna shingo. Hasira ilikuwa imeanza kumtoka na aibu kuingia. "Daktari bingwa wa kichwa anaondoka Tanga Ijumaa. Alhamisi asubuhi anataka kuona picha. Bila picha hawezi kumgusa mtu. Na mie nafasi zangu zimejaa mpaka wiki ijayo."

"Akishaondoka?"

"Dar es Salaam."

"Dar siendi," Bi Mwanamkasi alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito, ukaliburura neno. Wiki mbili nyuma ulikuwa hauburuzi.

Ndilo jambo lililokuwa likimkosesha Sabra usingizi. Ulianza mkono, ukafuata mguu, sasa ulimi. Daktari alikuwa amemwambia wazi: kama kuna kitu kinakandamiza ubongo, kinaweza kutolewa, na mtu akarudi nyumbani. Kikiachwa, siku moja bibi atalala, na kuamka asiamke. Lakini lazima kionekane kwanza.

*

Bajaji iliwashusha Barabara ya Kumi na Nne. Mwamvua, jirani yao, alikuwa barazani kwake anachambua mchele.

"Ehee, Bi Mwanamkasi! Wamekupiga picha? Umewachekea?"

"Nimewanunia."

"Walikuja watu kukuulizia, wa kule Barabara ya Nane. Wamefiwa na mama yao. Nikawaambia, mwenzenu siku hizi mkono hauchoti maji, tafuteni mwingine." Alipuliza pumba. "Si nimewaambia kweli?"

"Umewaambia kweli," Bi Mwanamkasi alisema, akaingia ndani.

Sabra alimkalisha kitandani, akamvua viatu. Alikuwa amejiapiza asiulize, lakini swali lilimtoka.

"Mama, kwa nini uligeuka?"

Mama alipandisha miguu kitandani. Kisha akasema, "Ile mashine ilivyokuwa ikilia, uliisikia?"

"Kidogo. Ko, ko, ko."

"Jembe lile. Jembe kwenye changarawe. Juu ya uso wangu ubao, huku ukuta na huku ukuta. Mie nimewaosha wangapi, Sabra? Nimewakafini, nimewakabidhi kwa wanaume wakawalaze. Na mtu halazwi chali kule. Analazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Nikasema, nikikata roho humu ndani, yule kijana wa Lushoto atajua kunigeuza?"

Sabra alitaka kucheka. Kicheko kikageuka kilio kabla hakijatoka. Akajifanya anatafuta kitu chini ya kitanda.

"Ndiyo maana yule kijana alisema ulimwuliza kibla kiko wapi."

"Akadhani nataka kuswali. Akanionyesha dirishani. Kijana mzuri, ila ana makelele."

*

Sele, mume wa Sabra, alikuwa fundi baiskeli. Kazi yake aliifanya mbele ya nyumba, chini ya upenu wa bati, zana zake zimetandazwa juu ya gunia. Jumanne saa kumi jioni kijana mmoja alifika anaburura baiskeli, mnyororo ameushika mkononi kama nyoka aliyeuawa.

Sele aliugeuza mnyororo, kisha akakiona kitambulisho kifuani kwa mteja. Akasoma polepole.

"Kristofa. Wa chumba cha picha?"

"Ndiyo, kaka."

"Wewe ndiye uliyemfokea mama mkwe wangu mbele ya watu?"

Kristofa alitazama baiskeli yake, akaona haiwezi kumsaidia kukimbia. "Ni hapa?"

"Ni hapa. Na huu mnyororo siufungi mpaka uingie ndani ukamwamkie."

Aliingia. Bi Mwanamkasi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejiegemeza ukutani, na Sabra kando yake anashona ukili wa mkeka mpya, ule wa rangi nyekundu na zambarau unaopendwa na maharusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipiga picha nyumbani?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Umeletwa na mnyororo," Sele alisema akiwa mlangoni. "Usimdanganye bibi."

Wote walicheka, na Kristofa akakaa. Sabra alimweleza sababu ya kugeuka, maana mama yake asingeisema mara ya pili. Kristofa alisikiliza kichwa chini. Alikuwa Mlutheri wa milimani, huko kwao marehemu hulazwa chali ndani ya sanduku. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulala kwenye mashine yake na kufanya matayarisho.

"Bibi," alisema baadaye, "kuna njia nyingine. Sikuisema jana kwa sababu bado tunaijaribu, lazima daktari akubali na wewe ukubali. Ni dakika saba."

"Saba?" Sabra aliacha kushona.

"Picha ile haipigwi kama ya simu. Mashine inasikiliza kichwa, mstari mmoja baada ya mwingine, na kompyuta inaipokea ile mistari na kujenga picha. Kuisikiliza yote ndiyo dakika thelathini na tano. Sasa tumeletewa programu. Yenyewe inasikiliza mstari mmoja katika kila mitano, halafu minne inayobaki inaijaza."

"Inaijaza kwa nini?" Sele aliuliza.

"Kwa ilichojifunza. Imeonyeshwa vichwa maelfu kwa maelfu, ikajua kichwa kinavyokaa."

"Ndiyo hiyo akili mnemba ya kwenye redio?"

"Ndiyo hiyo. Na hii ni ndogo. Za mwanzo zilitaka kompyuta za kujaza chumba, au mtandao wa kupeleka picha nje na kungoja. Walioitengeneza hii wameipunguza mpaka inatosha kwenye kompyuta yangu ya chini ya meza. Umeme ukikatika inaendelea na betri."

Sele alipangusa mikono kwenye suruali. "Kwa hiyo inabuni."

"Haibuni, kaka. Inakisia."

"Kukisia na kubuni ni baba mmoja mama mmoja."

Kristofa alitazama huku na huku. Macho yakaangukia kazi ya Sabra. Akaweka kiganja juu ya mkeka, akaziba mahali pa ukubwa wa sahani.

"Dada, chini ya mkono wangu kuna nini?"

"Nyekundu, zambarau, nyekundu, halafu jicho dogo jeupe," Sabra alijibu papo hapo.

"Umejuaje na huoni?"

"Si naona unavyokuja kutoka huku na unavyotokea kule? Ukili haupotei njia."

"Basi na programu hivyo hivyo."

Ilikuwa imekaa vizuri, na Kristofa alifurahi. Hapo Bi Mwanamkasi akainama mbele kidogo.

"Na kama hapo chini ya mkono wako panya ametafuna?"

Kristofa aliutazama mkono wake mwenyewe. Katika siku tatu za mafunzo, watu wazima wenye digrii hakuna aliyeuliza hivyo.

"Hapo ndipo penye kazi, bibi," alisema taratibu. "Mtu aliyeona mikeka mizima tu atasema ni mzima. Ndiyo maana hairuhusiwi kujaza ikaondoka. Kila ikijaza, inarudi kwenye ile mistari iliyosikilizwa kweli kutoka kichwani kwako wewe, si kwa mwingine. Ikikuta haviafikiani, inafuta, inajaza upya. Mara nane, mara kumi. Ni kama..." Aliinua kidole kimoja, kisha kingine, mkeka ukachungulia katikati. "Kama kuinua vidole hapa na hapa. Tundu likiwepo, mahali fulani litaonekana. Na pale isipokuwa na hakika, inapaka rangi ya njano."

"Maana yake nini njano?"

"Maana yake, hapa sijui."

Bi Mwanamkasi alimgeukia Sele. "Umesikia? Waganga wote niliowaona mie tangu ujana wangu, hakuna mwenye rangi hiyo."

Sele alicheka mpaka akashika mlango. Lakini Bi Mwanamkasi alikuwa ameshakuwa mzito tena. "Dakika saba nitaziweza. Ila kulala chali... Mwanangu, sisi mtu akiwa katika kukata roho, kama hawezi ubavu, tunamlaza chali, nyayo zielekee kibla, kichwa kiinuliwe kidogo. Jana nyayo zangu zilielekea wapi?"

Kristofa alifumba macho akapanga chumba kichwani. "Bara. Magharibi."

"Basi ndiyo hivyo," Bi Mwanamkasi alisema bila lawama, kama mtu anayeeleza kwa nini duka limefungwa.

"Mama, hufi bwana," Sabra alisema.

"Sikusema nakufa. Nimesema nataka niwe nimeelekea. Nikiishi nimepoteza nini?"

Kristofa aliondoa mkono wake kwenye mkeka. "Bibi, ile mashine ina magurudumu," alisema.

*

Jumatano saa saba mchana, wakati wenzake wamekwenda kula, Kristofa aliwaingiza. Daktari alikuwa ameweka sahihi asubuhi hiyo.

Mashine ilikuwa na magurudumu, kweli, lakini haikuwa imesogezwa tangu iletwe, na ilikuwa nzito kama kabati la harusi. Kristofa alisukuma, Sabra akasukuma, Sele akaitwa kutoka nje akavua shati la juu. Ilipofika nusu, waya wa umeme ukaisha. Kristofa akatoka, akarudi na waya mrefu wa kuazima kutoka chumba cha meno. Wakasukuma tena. Bi Mwanamkasi alikuwa amesimama dirishani, anawaelekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto.

"Kushoto kidogo. Kidogo tu. Hapo mmepita. Rudisheni. Hapo."

"Hapa, bibi?"

"Hapo hata imamu hawezi kusema neno."

Kristofa alimpa magauni mawili. "Hili livae wazi nyuma. Hili la pili livae juu yake, wazi mbele. Yatafunikana." Kisha akatoka nje mpaka alipoitwa. Sabra alikuwa na neno la kumwambia jana yake, la kumlipa yale makelele. Sasa alilitafuta asilione.

Kichwa kiliingia kwenye kofia, mto mwembamba chini yake. Sumaku ya mashine ile haikuwa kali kama ya mashine kubwa za mijini, kwa hiyo mtu aliweza kukaa karibu. Sabra alivua pete na hereni, akakaa kwenye kigoda, akaushika mkono wa kulia wa mama yake.

Ko, ko, ko.

Mkono ulikaza. Sabra aliuwekea kiganja chake cha pili juu, akaanza kuongea, kwa sababu hakujua la kufanya. Aliongea juu ya mkeka, kwamba zambarau imekwisha na itabidi aende sokoni. Kwamba Mwamvua ametuma samli na sahani imekaa siku ya pili hajaifuata, ni dalili ya toba. Kwamba Sele jana usiku alijiziba jicho moja akawa anamkisia mkewe nusu iliyobaki. Mama hakuweza kucheka, maana angetikisika. Tumbo lilipanda mara moja likatulia. Machozi yakamtoka kwenye pembe za macho na kushuka masikioni, hakuyafuta.

Ko, ko. Kimya.

"Tayari," Kristofa alisema.

"Tayari nini?"

"Tumemaliza, bibi."

"Mbona sijaanza hata kuogopa vizuri?"

Kompyuta ilivuma chini ya meza. Haikupita nusu dakika, kichwa cha Bi Mwanamkasi kikatokea kwenye kioo, kimetulia, kimoja. Kristofa alikikata kipande kwa kipande, kutoka utosini kushuka. Katika kipande cha saba akasimama. Upande wa kushoto, baina ya fuvu na ubongo, kulikuwa na kitu kimejikunja kama mwezi mwandamo. Na kwenye ncha yake ya chini, njano.

Alikikuza. Alitazama muda mrefu, akijua kwamba nyuma yake watu watatu wanautazama mgongo wake.

*

Daktari bingwa alikuwa mwanamke mfupi anayeitwa Ruthi, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Alhamisi saa mbili asubuhi aliisogeza pua karibu na kioo.

"Hiki kitu kipo, au kimechorwa?"

Kristofa alitegemea swali hilo. Alifungua picha ya pili, iliyojengwa kwa mistari iliyosikilizwa peke yake, bila kujazwa chochote. Ilikuwa mbaya, imejaa michirizi kama ukuta uliopakwa chokaa kwa haraka. Lakini mwezi ulikuwepo.

"Kipo, daktari. Hicho kimetoka kwake. Ila ncha ya chini, pale pa njano, inaishia wapi, sina hakika. Na mashine haina."

Daktari Ruthi alivuta kiti mbele ya Bi Mwanamkasi, magoti yakakaribiana. "Bibi, ulianguka?"

"Mwezi wa pili huu. Msalani. Nikajigonga hapa, sikuona damu."

"Damu ilitokea ndani. Ilikuwa kidogo kidogo, ikakaa, sasa inakandamiza. Nataka kutoboa matundu mawili madogo, niitoe. Ni leo au kesho asubuhi. Baada ya hapo mimi sipo."

"Samahani, daktari," Sele alisema. Alikuwa amesimama, kofia yake ameiminya mkononi. "Mashine yenyewe imesema kuna pahala haijui. Sasa mnatobolea wapi? Tukisema tungoje tukapime kule kwenye mashine kubwa?"

"Unaweza kungoja. Siwezi kukuahidi kwamba yeye atangoja."

Sabra alimtazama mumewe, Sele akautazama mlango. Neno lilikuwa zito na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulibeba.

Bi Mwanamkasi alilibeba mwenyewe. "Sele, baba, kaa chini. Mtu akikwambia najua yote, mfungie mlango. Huyu kasema hapa najua na hapa sijui. Kijana naye kasema hivyo hivyo. Mie nimepata watu wawili na chombo kimoja, wote wakweli. Kuna siku nitapata wengi zaidi ya hao?" Akamgeukia daktari. "Leo. Lakini kichwa changu anyoe binti yangu."

Wakawapa beseni, wembe mpya na chumba chenye pazia. Sabra hakuwahi kuipenda kazi ya mama yake. Tangu udogo alikuwa akikimbilia kwa majirani anapoona ndoo imetengwa na majani ya mkunazi yamelowekwa. Sasa alisimama nyuma ya kichwa cha mama yake, maji mkononi, hajamimina.

"Mimina," mama alisema. "Kwanza jaribu maji kwenye kifundo cha mkono wako. Yakikuunguza wewe, na mwenzio yatamwunguza."

"Sawa."

"Anza kulia. Usivute. Na funika mabega, baridi."

"Mama, unanifundisha nini wewe?"

"Nakufundisha kunyoa. Kwani wewe umefikiri nini?"

Sabra alimwaga maji nusu kwa kucheka. Nywele zilianguka, nyeupe na chache, na chini yake kikatokea kichwa kidogo cha mviringo ambacho hakuwahi kukiona. Alikipangusa mpaka kikakauka, kisha akakibusu haraka, kama mtu anayeiba.

*

Siku ya tisa baada ya kutobolewa, Bi Mwanamkasi alikuwa amekaa barazani, kitambaa cheupe kichwani, anabishana na Mwamvua juu ya bei ya tui. Maneno yalimtoka yote na herufi zake. Mwamvua alikuwa amekuja tangu asubuhi na hakuonyesha dalili ya kuondoka, na kila alipoishiwa la kusema alisema, "Basi mwenzangu ulinitisha."

Kristofa alifika kwa baiskeli. Alikuwa na bahasha.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mnyororo mzima?"

"Mzima. Nimekuja kwa hiari yangu." Alikaa, akaivuta karatasi nje, akairudisha. "Daktari Ruthi ameniandikia alichokikuta. Nimeona nikwambie mwenyewe. Damu ilikuwa pale pale. Lakini ilikuwa nyingi kuliko tulivyoona. Pale pa njano ilikuwa imeshuka chini zaidi, vidole viwili. Mashine iliipunguza."

"Nilisema mie!" Sele alisema kutoka kwenye gunia lake la zana.

"Ulisema, kaka. Imefundishwa kwa vichwa vizima vingi, vibovu vichache. Ikikuta ubovu na haina hakika, inavutia upande wa uzima."

Bi Mwanamkasi alifikiri kidogo. "Ilikuwa inanitakia heri."

Kristofa alitabasamu, nusu. "Kama hivyo."

"Kunitakia heri ni kazi yenu nyie. Na ya Mwamvua, akipenda. Chombo kiseme kilichopo."

"Ndiyo nililolifuata, bibi. Wenye programu wanataka vichwa kama chako, vya watu wa huku, vyenye tatizo kama lako, ili ijifunze. Akija mwingine, isipunguze. Lakini hawawezi kukichukua mpaka ukubali. Unaweza kukataa. Hutadhulumiwa chochote."

Mwamvua alijikaza asiseme kitu, na ilimpa taabu.

Bi Mwanamkasi alikuwa ameona mengi katika kazi yake: makovu ambayo waume hawakuyajua, mimba zilizofichwa, alama za mkanda. Hakuna hata moja lililowahi kutoka kinywani mwake. Mwosha aliyesema alichokiona si mwosha. Sasa yeye ndiye anayeombwa atazamwe, na watu asiowajua, katika nchi asizozijua, mpaka ndani ya fuvu.

"Watanijua?"

"Jina linatolewa. Umri unabaki, na kwamba ni mwanamke."

"Na uso?"

"Uso unafutwa, bibi. Ile picha ukiikusanya vipande vyote, sura inaweza kutokea, pua, mdomo. Kwa hiyo kabla haijatoka kwetu tunaufuta uso wote. Kinabaki cha ndani tu."

"Wewe ndiye unayeufuta?"

"Mimi mwenyewe."

Alimtazama kijana yule kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama wasichana waliokuja kuomba wafundishwe kazi, kabla hajawaambia ndiyo au hapana.

"Mtu ukimfunika vizuri," alisema, "kuna unaloweza kumtazama na isiwe haramu. Nipe hiyo karatasi."

Kristofa alifungua kidau cha wino. Sabra, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinyoosha mkono amsaidie kushika.

"Wacha," mama yake alisema.

Alichovya dole gumba la kulia, la mkono ule ule uliokuwa hauchoti maji, akalishusha kwenye karatasi taratibu, akalikandamiza, akahesabu kimoyomoyo, akaliinua.